Matundu ya Karavani Namba Tatu

Siku mliyoniaga mlinipa zawadi tatu: kitenge, ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na hita ya gesi. Kitenge nimeshashona. Ndoo naitumia. Hita bado iko ndani ya boksi lake, na mjukuu wangu kila siku ananiuliza kwa nini bibi anatetemeka wakati ana moto mpya chini ya kitanda. Msidhani nimeidharau zawadi yenu. Nimetunza stoo za kambi za barabara huku Ufipa tangu nikiwa binti mpaka magoti yalipoanza kulalamika kuliko mimi mwenyewe, kwanza serikalini, kisha kwa makandarasi, na katika miaka hiyo yote hakuna kitu kilichonichosha roho kama hita. Tena siyo hita yenyewe. Ni watu wakishapewa hita.

Pendo, wewe uliyepokea funguo zangu za stoo, uliniomba niandike kidogo kuhusu kazi ili wenzako waliokuja juzi wasome. Haya. Habari za kupandishwa cheo sina, na mshahara wenyewe mnaujua. Nitaandika juu ya baridi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi, na juu ya mzee mmoja ambaye hamkumkuta.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa katika yadi ya serikali, Sumbawanga mjini. Nilivaa sketi ya shule niliyoishusha pindo na viatu vya kuazima, nikakabidhiwa stoo yenye sururu, mabeleshi, mifuko ya saruji iliyoganda ikawa mawe, na mahema. Mtunza stoo niliyempokea aliniambia jambo moja tu kabla hajaondoka. "Binti, mtu akija kuomba blanketi mwezi wa saba usimtazame usoni. Ukimtazama utampa." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote. Wakati huo vibarua na mafundi walilala kwenye mahema, na hema la serikali lilikuwa na matundu kuliko chujio. Watu walikoka magogo nje, wakaota mpaka magoti yakaungua na migongo ikaganda, wakanywa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kisha wakaingia kulala na masweta mawili mawili. Walikohoa, walinung'unika, wengine walitoroka kazi. Lakini moto haukumuua mtu, maana upepo ulikuwa unaingia huku na kutokea kule bila kubisha hodi.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Tukaambiwa serikali haitajenga tena barabara kwa mikono yake, yadi ikafungwa, na sisi tukapewa barua zenye neno ambalo kila mtu alilitamka kwa namna yake, redandansi. Wenzangu wengi walirudi kulima. Mimi nilikuwa na watoto wawili wadogo, na baba yao alikuwa ameshakwenda zake Tunduma na hajaonekana, kwa hiyo mkandarasi mmoja binafsi alipokuja kutafuta mtunza stoo wa kambi ya Mpui, nilifika mlangoni kwake kabla hajamaliza kuufungua. Nawaambia haya ili mjue nilivyoing'ang'ania kazi ile na nilivyoogopa kuipoteza. Huko mbele hofu hiyo itanihukumu.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa mtumba. Suruali mtumba, redio mtumba, tairi mtumba. Sikujua kwamba hata nyumba huja mtumba mpaka nilipoona malori yanaingia kambini yakivuta karavani tano, vijumba vya bati jepesi vyenye magurudumu, ambavyo vilikuwa vimetumika katika nchi za theluji mpaka wenyewe wakavichoka. Kwenye droo ya mojawapo nilikuta glovu ya mtoto, ya sufu, ya mkono mmoja. Ndani ya kila karavani kulikuwa na hita ya gesi: sanduku la bati lenye mtungi mgongoni na sahani tatu za udongo usoni, ambazo ukiwasha zinaiva nyekundu. Fomeni wetu, Bwana Mkude, mtu wa Morogoro, alikuwa ameshapoteza madereva wawili kwa sababu ya baridi ya Ufipa. Alizizunguka zile hita akitabasamu kama bwana harusi.

"Dada Gaudensia," akaniambia, "baridi tumeimaliza."

Ukutani palikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, na picha ya tundu lenye mshale. Bwana Mkude aliisoma kwa sauti ya mtu anayejua. "Wanasema hewa ya nje isiingie." Mshale ulikuwa unaelekea ndani, lakini nani atabishana na fomeni siku ya kwanza?

Aliyebisha alikuwa mlinzi. Mzee Desderi alikuwa mwenyeji wa kijiji cha ng'ambo ya mto, mrefu, mkavu, mwenye koti la jeshi lisilo na kifungo hata kimoja. Ujana wake aliuacha kwenye migodi ya shaba Zambia, akarudi na kikohozi na tabia ya kunusa kila mahali kabla ya kuingia. Mimi nilimwita tata, ndivyo tunavyowaita baba zetu kwa Kifipa. Aliitazama ile picha, akainama kwenye sakafu ya karavani, akaingiza kidole kwenye tundu lenye wavu, kisha akasimama akaonyesha lingine karibu na dari.

"Shikamoo yake aliyejenga hii," alisema. "Tundu la chini ni la gesi ikivuja, maana gesi nzito, inatambaa chini kama maji. Tundu la juu ni la kupumulia. Moto unakula hewa ile ile unayokula wewe, bwana fomeni. Mkifungiwa chumba kimoja, unadhani nani atashiba kwanza?"

"Mzee, wewe linda geti," Bwana Mkude alimjibu.

Basi tata akalinda geti, na mimi jioni nikawa namfuata getini kujifunza, kwa sababu mitungi ilikuwa chini ya stoo yangu na sikutaka kulipuka nayo. Yote ninayoyajua kuhusu gesi nimeyapata kwenye kibanda kile cha mlinzi, juu ya kopo lililogeuzwa. Mtungi husimama wima, haulazwi kama mgonjwa. Mpira ukikakamaa unatupwa, haufungwi kwa raba ya baiskeli. Ukitaka kujua kama kiungo kinavuja, unapiga povu la sabuni ya kipande, unalipaka kwa brashi ya kunyolea ndevu, unangoja. Povu likichemka, kinavuja. Brashi ile alinipa yeye, na ndiyo hiyo mliyoikuta inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mkacheka kwamba bibi ananyoa.

Bwana Mkude alikuwa na njia yake ya kujaribu. Alitumia kiberiti. Asubuhi moja tulisikia mlio wa kitu kikipasuka, tukamkuta kakaa kwenye ngazi ya karavani yake bila nyusi, kama yai. Nilidhani sasa tutasikilizana. Mchana akatoa amri kwamba wanawake wasisogelee mitungi.

Namna ya kulala salama na joto ndani ya karavani siyo elimu ya chuo kikuu. Unawasha hita ukirudi kazini, unaacha dirisha wazi upana wa kidole, unakula, unapiga soga, na kabla ya kupanda kitandani unafunga mtungi kwenye kichwa chake. Usingizi ukikuchukua, iwe imeshazimwa. Usiku unalala na blanketi mbili, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo miguuni. Mtoto wa darasa la pili anaweza kulishika hilo. Nimelisema kwa upole, nimelisema kwa ukali, nimelichora kwa chaki kwenye milango, na bado nilikuwa napita alfajiri nakuta watu wameziba.

Walikuwa wanaziba kwa kila kitu. Magunia, karatasi za saruji, ugali uliolala. Upepo wa Ufipa mwezi wa saba hauna adabu, ukipita kwenye tundu la sakafuni unakushika vifundo vya miguu kama polisi, kwa hiyo nawaelewa. Lakini kuelewa siyo kukubali. Gesi ilipokwisha, maana ilitoka Mbeya na lori lilikwama kila mara, waliingiza jiko la mkaa ndani na kuziba zaidi. Nikimuuliza mtu kwa nini, ananijibu, "Mbona nyumbani tunaota moto ndani tangu babu?" Nyumba ya babu ilikuwa ya nyasi na moshi ulitokea kila upenyo! Hii ni kopo lenye mfuniko! Kesho yake kaziba.

Mkaidi mkuu alikuwa Hamisi wa greda. Alitoka Tanga, mchangamfu, mwenye mkono mwepesi kuliko dereva yeyote wa greda niliyemwona. Angeweza kukusawazishia barabara ukaweka glasi ya maji. Ila baridi ilimtia wazimu. Alikaa karavani namba tatu, na alikuwa akivua fulana zake na soksi zake mwenyewe anazitumbukiza kwenye matundu. Kila alfajiri tata Desderi, akimaliza zamu, alipita akazibua. Aliingiza waya kutoka nje, anachomoa kitambaa, anaendelea na safari. Hakumwamsha mtu. Alisema mtu aliyelala ukimwamsha anakutukana, ila ukimwachia hewa anaamka mwenyewe.

Mimi sasa nikaleta akili zangu za stoo. "Tata," nikamwambia, "usiyatupe hayo matambara. Yakusanye. Yakifika gunia tunampelekea Bwana Mkude aone kwa macho yake jinsi watu wanavyoziba." Akaniuliza, "Nguo za watu, mwanangu?" Nikamwambia ndiyo, ushahidi ni ushahidi. Akatii. Ni mimi nilisema hivyo. Naomba mkumbuke ni mimi.

Kwa sababu wakati huo huo kambini kulikuwa kumezuka maneno mengine. Watu wa namba tatu na namba nne waliamka na vichwa vinagonga, kichefuchefu, miguu imelegea. Wakishinda nje wakiwa kazini wanapona. Wakirudi kulala, asubuhi yale yale. Sasa wewe mtu mwenye akili ungesema, kumbe ugonjwa uko chumbani. Wao walisema, "Hii ni Sumbawanga." Mgeni akitumwa huku kikazi anaagwa kwao kama anayekwenda vitani, anapewa hirizi na kila shangazi, kisha akijikwaa kwenye jiwe ni Wafipa, akiumwa jino ni Wafipa, hita ikimla hewa usiku kucha ni Wafipa. Mimi ni Mfipa. Nilikuwa nikisikia hayo jikoni natamani kuwamwagia mchuzi. Tungekuwa na uchawi wa kiasi hicho, tungeanza kwanza na kujipatia lami.

"Dada Gaude, kuna mtu anakuja alfajiri," Hamisi aliniambia stoo siku ya Jumamosi, macho mekundu. "Nasikia anakwaruza ukuta. Naamka fulana yangu haipo. Wallahi haipo! Mtu anachukua fulana yako iliyokaa mwilini, anaifanyia nini?"

"Uliiweka wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye tundu."

"Hamisi, ni mzee Desderi anazibua hewa. Nimekwambia mara ngapi?"

"Kwa hiyo unakubali ni yeye," akasema polepole.

Sikulipima neno lake. Nilikuwa na lori la kokoto getini na nimechoka kubishana. Akaniomba saruji kidogo ya kuziba ufa, nikamjazia kopo, nikampa na mchanga. Sikumuuliza ufa gani.

Jumapili wakapekua kibanda cha mlinzi. Walikuta gunia langu la ushahidi: fulana, soksi, kitambaa cha kichwa cha mpishi, hata chupi ya mtu mmoja ambaye simtaji kwa kuwa leo ni diwani. Mchana, kambi nzima ikakusanywa mbele ya ofisi, upepo unapiga mabati, na tata Desderi akasimamishwa katikati na koti lake lisilo na vifungo. Watu walikuwa na hasira kweli, siyo ya mchezo. Wengine walishika mipini ya sururu, na mipini hiyo niligawa mimi.

"Mzee, hizi nguo za nini?" Bwana Mkude akauliza. Nyusi zilikuwa zimeanza kuota upya, zinampa sura ya mshangao.

"Nimezitoa kwenye matundu, bwana. Watu wanaziba, hewa inakuwa mbaya."

"Hewa gani inakuwa mbaya bila kunuka?"

"Ndiyo hiyo. Kule mgodini iliwachukua wenzangu wanne, tuliwakuta wamekaa kama wanapumzika. Haina harufu wala rangi. Ingekuwa inanuka nisingekuwa na kazi."

Watu wakacheka vibaya. Mmoja akapaza sauti kwamba kama ni hewa, kwa nini asizitupe nguo, kwa nini azifiche kwenye gunia? Bwana Mkude akalidaka. "Ndiyo, mzee. Nani alikutuma uzihifadhi? Mtaje. Aliyekutuma naye ataondoka leo leo, sitafuga wachawi wawili."

Tata akainua macho akanitafuta kwenye kundi, akanipata. Nilikuwa nimesimama karibu na pipa la maji, funguo mkononi. Kisha akawageukia watu. "Sikutumwa," akasema. "Ni uzee tu."

Nami nikanyamaza. Niliwaza watoto, niliwaza ile barua ya redandansi, nikanyamaza. Nimeandika sentensi hii mara tatu nikaikata, na sasa naiacha. Alikuwa ananifunika mbele ya watu wenye mipini, na mimi nikajifunika na blanketi lake.

Wakamwambia afungashe. Hakusogea. Alikuwa anahesabu watu kwa macho, mmoja mmoja, desturi yake ya mgodini. Akauliza, "Hamisi yuko wapi?"

"Unamuulizia wewe?" mtu akafoka. "Amelala hoi tangu asubuhi, kazi yako hiyo!"

"Hita inawaka?"

"Ndiyo, ana homa, anaota moto. Tena ameshakukomesha. Matundu yote kayaziba kwa saruji leo ulipokwisha kupita, uje na waya wako tuone!"

Sikujua kama mzee wa umri ule angeweza kukimbia. Alitoka mbio kuelekea namba tatu, nao wakamkamata wote kwa pamoja, wanapiga kelele asimguse mgonjwa, anakwenda kummalizia. Walimwangusha chini. Nikamsikia akiita kutoka chini ya miguu yao, hakuniita dada Gaude wala mtunza stoo, aliniita mwanangu. "Mwanangu, funguo!"

Hapo ndipo miguu yangu ilipopata akili. Nilikuwa na funguo za akiba za karavani zote. Nilifungua namba tatu, na joto likanipiga usoni kama mfuniko wa chungu. Hamisi alikuwa kitandani na masweta matatu, mdomo wazi, hita inawaka sahani zote. Nilimwita, nikampiga kofi, hakujibu. Sakafuni lile tundu lilikuwa limepigwa plasta safi, imelainishwa kwa kijiko, kazi ya mtu anayejua kusawazisha. Saruji yangu.

Nilifunga mtungi, nikapiga teke dirisha, nikamshika kwapani nikamburuta. Mlangoni mpishi akanisaidia, tukamlaza nje kwenye majani, upepo ule wa Ufipa tuliokuwa tukiutukana kila siku ukampiga kifuani. Mtu akaja na kopo la maziwa. Kutoka chini alikokuwa ameshikwa, tata akapiga kelele, "Asipewe maziwa! Mlazeni ubavu! Mwacheni avute hewa!" Tukamlaza ubavu. Nilihesabu pumzi zake kwa sauti, moja, mbili, ilipofika ya tisa akatapika. Sijawahi kufurahia matapishi namna ile. Nililia hadharani, na mnajua mimi si mtu wa kulia. Tukampakia kwenye lori kwenda hospitali mjini, na huko wakamwekea hewa ya mtungi, akalazwa siku nne, akapona.

Mngedhani hapo ndipo mambo yalipoeleweka. Mimi pia nilidhani. Lori lilipoondoka, nilisimama mbele ya watu wote nikasema: nguo zile mimi ndiye niliyemwambia mzee azikusanye, mimi na si mwingine, na saruji nilitoa mimi. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Bwana Mkude alinitazama kwa huruma.

"Dada Gaudensia," akasema, "pole sana. Naona na wewe ameshakupata."

Nikamwonyesha plasta. Nikamwonyesha mtungi. Akanijibu kwamba jambo liko wazi: mzee amekamatwa saa nane, saa tisa mgonjwa akaachiwa, na nani aliyekuwa anajua dawa yake, mpaka habari za maziwa? Watu wakaitikia. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini haya yalikuwa masikio mazima, yenye afya, na hayakusikia! Tata Desderi alijipangusa majani, akaomba arudishiwe kopo lake la kukalia. Alipofika getini akageuka.

"Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee," aliwaambia. "Ninyi mlinipa kambi nzima, na wote mpo."

Nilikwenda kwake siku ya tatu, ng'ambo ya mto, na sukari na kipande cha sabuni. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikaanza kusema yale niliyokuwa nimeyapanga njiani, kwamba niliogopa, kwamba nilinyamaza, anisamehe. Aliniacha nikafika katikati. Kisha akauliza, "Namba tatu, matundu yako wazi?"

"Yako wazi, tata. Niliyapasua kwa sururu juzi. Na leo nimezibua kote kabla sijaja."

"Basi," akasema, akanisogezea kapu tupukuchue wote. Mimi nilitaka anigombeze. Mpaka leo sijui kama ile basi ilikuwa msamaha, na sikuwahi kupata ujasiri wa kumuuliza. Kikohozi cha mgodini kilimchukua miaka michache baadaye.

Hamisi yuko hai, ana wajukuu Tanga. Alikuja Sumbawanga mara moja tukakutana stendi, akanikumbatia, akawaeleza watu waliokuwepo jinsi alivyorogwa huku akaponea tundu la sindano. Nilimwacha amalize. Nilikuwa na basi la kuwahi.

Ila kuanzia wiki ile, kazi ya tata niliichukua mimi, na sikuifanya kimyakimya kama yeye. Kila alfajiri, kambi ile na zote tulizohamia na karavani zetu, Matai, Mwimbi, mpaka karibu na Kasesya, nilipita na waya nikizibua, na nguo niliyoitoa niliitaja kwa sauti na mwenyewe: "Soksi ya Joseti hii, ina tundu kisigino!" Nikaiacha mlangoni kwake watu waione. Waliniita mchawi. Na wewe Pendo uliniita, nilikusikia jikoni mwaka wako wa kwanza, ukidhani maji ya bombani yanapiga kelele kuliko sauti yako. Sikukuchukia. Katika kambi zangu zote, tangu Jumapili ile, kila aliyelala aliamka.

Nyumba hii aliyonijengea mwanangu ina madirisha ya alumini yanayobana mpaka sauti ya jogoo haiingii. Nimemwambia fundi atoboe mawili, moja chini moja juu, anasema panya wataingia. Hita itakaa kwenye boksi mpaka atoboe, au mpaka nitoboe mwenyewe.

Waya wangu uko juu ya mlango wa stoo, karibu na brashi. Mwezi wa sita ndio huu unaingia. Anza na namba tatu. Watakuita mchawi, Pendo. Itika, halafu zibua.